Jua kwa umeme, mti kwa moto: mwongozo kamili wa kupiga hesabu ya sola na miti ya nishati Unguja na Pemba

Mwenye eka tatu Unguja au Pemba akisikia kwamba shamba linaweza kuzalisha nishati, huuliza lile lile: nipande miti ya kuni na mazao ya mafuta, au nitandike paneli za sola? Jibu langu ni kwamba vyote vina nafasi shambani, ila kila kimoja kina kazi yake, na anayezichanganya kazi hizo hupoteza fedha. Umeme uachiwe jua, moto uachiwe mti. Hapa tutapiga hesabu hiyo hatua kwa hatua, ili uirudie mwenyewe kwa bei za kwenu kabla hujatoa shilingi mfukoni.

Sababu za kulichukulia jambo hili kwa uzito tunazo. Umeme wetu unapita chini ya bahari. Mwaka 2008 Unguja ilikaa kizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa tena miezi mitatu. Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha mpaka 2010, waya kutoka Tanga ulipofika. Waya wa pili wa Unguja, wa megawati 100, uliozinduliwa 2013, umetupa nafuu kubwa. Lakini moto wa kupikia na wa kazi haupiti kwenye waya huo. Kuni na makaa vinatoka kwenye misitu ya maweni na mikoko, na sote tunaona jinsi misitu hiyo inavyonyolewa.

Hatua ya kwanza: gawa matumizi yako mafungu mawili

Usianze na paneli wala miche. Anza na daftari. Fungu la kwanza ni umeme: taa, simu, friza, pampu, mashine ya kukoboa, mashine ya kukandia unga. Fungu la pili ni moto: kupika, tanuri la boflo, kuchemsha dagaa, kukausha viungo siku za mvua, kuchemsha mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) au mchaichai. Umeme uandike kwa uniti, kama unavyousoma kwenye mita ya tukuza, ile ya kulipia kabla (uniti moja ni kilowati moja ikitumika saa moja; hapa nitapimia joto pia kwa uniti hizo hizo). Kuni zipime kwa mizani. Usiandike "mzigo", kwa sababu mzigo wa mtu mmoja si mzigo wa mwingine, na kuni mbichi nusu ya uzito wake huwa ni maji.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho: banda la kuchemshia dagaa, kama yale ya Kama au Fungurefu. Dagaa huvuliwa usiku wa kiza. Mwezi ukipevuka, vyombo vinapumzika. Kwa hiyo kazi ya banda haiendi sawasawa mwezi mzima, inakuja kwa mkupuo. Asubuhi vyombo vinapofika, masufuria ya maji ya chumvi yawe tayari yanatokota. Dagaa wanatiwa kidogo kidogo, wanatolewa na kuanikwa juani. Chelewa kidogo na mali imeoza.

Upande wa umeme tuseme banda lina taa 4 za kuvulia za wati 50, zinawaka saa 8: hiyo ni uniti 1.6. Friza ndogo, uniti 1.5. Pampu ya wati 750 kwa saa 2, uniti 1.5. Taa za banda na simu, 0.4. Jumla uniti 5 kwa siku.

Upande wa moto, hesabu haibadiliki popote duniani. Kupandisha lita 100 za maji kutoka nyuzi 28 hadi 100 kunataka joto la uniti 8.4. Kilo moja ya kuni kavu ina joto la uniti 4 hivi. Kwa hiyo kama joto lote lingeingia majini, kilo 2 na kidogo zingetosha. Lakini kwenye mafiga matatu yaliyo wazi, upepo wa kusi ukivuma, kinachoingia kwenye sufuria ni kama sehemu moja ya nane tu. Ndiyo maana lita 100 zinakula kilo 17, na hapo sijahesabu mvuke unaopotea wala dagaa wenyewe.

Hatua ya pili: linganisha eka kwa eka

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka.

Jua la kwetu hutoa wastani wa uniti 5 hivi kwa kila mita ya mraba kwa siku. Eka moja ina mita za mraba 4,000 na kidogo. Kwa mwaka, eka hiyo inapokea uniti zaidi ya milioni 7. Mti unaokua haraka, uliotunzwa vizuri, tuukadirie tani 10 za kuni kavu kwa hekta kwa mwaka, yaani tani 4 kwa eka. Tani 4 zina joto la uniti 16,000. Ukigawanya, mti umekushikia chini ya robo ya asilimia moja ya jua lililoangukia shamba lako. Paneli ya kawaida ya siku hizi inashika asilimia 20.

Sasa tuseme unataka kuzigeuza kuni hizo kuwa umeme. Mtambo mdogo wa kugeuza kuni kuwa gesi na kuendesha jenereta hula kilo 1.2 hadi 1.5 za kuni kavu kwa uniti moja. Chukua kilo 1.4. Tani 4 zitakupa uniti 2,900 kwa mwaka, sawa na 8 kwa siku. Uniti 8 kwa siku ni kazi ya paneli za kilowati 2, zinazotandikwa kwenye mita 10 za mraba za paa. Eka nzima ya miti, pamoja na msumeno, jasho na fundi wa jenereta, inalingana na kipande cha bati juu ya banda.

Mbono (jatrofa), zao la mafuta, ndio mbaya zaidi, na nalisema hili kwa uchungu kwa sababu wakulima wengi wa bara, Kisarawe na Kilwa, waliingizwa kwenye ndoto hiyo miaka ya 2000 na ardhi yao ikatwaliwa. Mbegu za mbono huchukua kilo 4 hivi kutoa lita moja ya mafuta. Shamba la mkulima mdogo likitoa kilo 400 kwa eka, mafuta ni lita 100, ambayo kwenye jenereta ndogo ni uniti 300 hivi kwa mwaka mzima. Paneli moja ndogo ya wati 200 inazitoa hizo bila kuchuma tunda hata moja. Matunda yake hayaivi kwa pamoja, kwa hiyo mchumaji anarudi kwenye mti ule ule mara kwa mara. Akija mtu na mkataba wa mbono, mkaribishe chai na umshukuru kwa kupita.

Je, mti hauna maana? Unayo, kwenye moto. Kuni hizo hizo tani 4, zikichomwa kwenye jiko zuri linalopeleka asilimia 30 ya joto sufuriani, zinakupa joto halisi la uniti 4,800. Kulipata joto hilo kwa sola unahitaji paneli za kilowati 4 hivi, na kama unapika alfajiri unahitaji pia betri kubwa, nayo ndiyo kitu ghali kuliko vyote kwenye mfumo. Lundo la kuni kavu lililofunikwa makuti ni betri isiyopoteza chaji, linangoja mkupuo wa kiza bila gharama. Hapo ndipo mti unaposhinda.

Hatua ya tatu: punguza moto kabla ya kupanda mti

Kama banda letu linachemsha lita 400 kwa siku, siku 15 kwa mwezi, kwa mafiga ya wazi linakula kilo 68 kwa siku, yaani tani 12 kwa mwaka. Kwa tani 4 kwa eka, hizo ni eka tatu kamili, ardhi yote aliyogawiwa mtu baada ya Mapinduzi ya 1964, ziishie kwenye moto wa dagaa.

Jenga jiko la kuzungushia: udongo au matofali, mlango wa kuni mdogo, sufuria ikae ndani mpaka shingoni, chini kuwe na chekeche ya chuma hewa ipite, na bomba la moshi nyuma. Likijengwa vizuri lita 100 zinashuka hadi kilo 7. Siku inakuwa kilo 28, mwaka tani 5, na shamba linalohitajika ni eka moja na robo. Eka moja na robo tatu umezirudisha kwa muhogo, migomba au mikarafuu, kwa gharama ya tofali na siku chache za fundi. Sijui kitegauchumi kingine cha nishati visiwani kinachorudisha fedha haraka namna hii.

Na kausha kuni. Zipasue na zipange juu ya vigogo zisiguse ardhi, ubavu uelekee upepo, juu funika, miezi mitatu ya kiangazi. Kilo ya kuni mbichi hutoa kama nusu ya joto la kilo ya kuni kavu, kwa sababu nusu ya uzito wake ni maji yasiyowaka, na sehemu ya joto inakwenda kuyachemsha maji hayo.

Hatua ya nne: mti gani, na upande wapi

Kwa mashamba yenye udongo, chaguo langu ni mgilirisidia (gliricidia). Wengi wetu tunaujua kama mti wa kupandishia pilipili manga na vanila. Sri Lanka, kisiwa cha minazi na viungo kama sisi, iliutangaza 2005 kuwa zao la nne la mashamba makubwa baada ya chai, mpira na nazi, na kuni zake zinaendesha mitambo kule. Unapandwa kwa fimbo ya mita moja hadi moja na nusu. Unaanza kukatwa baada ya mwaka mmoja na nusu, unakatiwa kwenye usawa wa mita moja, unachipua, na baada ya miezi minane hivi unakata tena. Hupandi upya.

Faida yake kubwa haimo kwenye kuni. Majani yake ni chakula cha ng'ombe na mbuzi chenye protini nyingi (mbuzi huyakataa mwanzo kwa harufu, yaache yanyauke siku moja), na yakioza chini ya mnazi au mgomba ni mbolea. Hesabu inayoziangalia kuni peke yake itakuonyesha hasara mahali penye faida. Mwenye ng'ombe wawili wa zizini awape majani, kisha samadi aitie kwenye mtambo wa gesi: kilo 25 za samadi mbichi hutoa kama mita moja ya ujazo ya gesi, na ng'ombe wawili wanakaribia kutosha jikoni kwa familia ya watu watano au sita. Kwa mpishi wa nyumbani njia hii ni bora kuliko kuni, kifua chake kinapona.

Pwani kwenye mchanga na chumvi, panda mvinje. Kuni zake ni nzito na kali. Lakini mvinje ukiukata hauchipui vizuri, lazima upande tena, na mti ulionyooka ni nguzo. Nguzo ikiwa na mnunuzi, usiichome. Uza nguzo, choma matawi.

Kuhusu mahali, kanuni yangu ni moja: mti wa moto usichukue nafasi ya chakula. Anza na mipaka ya shamba, kisha katikati ya minazi iliyozeeka ambako jua linafika chini, kisha ardhi ya uwanda iliyochoka. Mpaka wa eka tatu ukipandwa fimbo kila mita pande zote ni miti zaidi ya 400, na muhogo wako haujaguswa. Kabla hujapanda, kusanya pia kilichopo: makumbi, vifuu, makuti, matawi ya mikarafuu yaliyopogolewa. Hiyo ni nishati uliyokwisha kuilima.

Hatua ya tano: sola

Banda linataka uniti 5 kwa siku. Kilowati moja ya paneli hapa kwetu hutoa uniti 4 hivi. Tano gawanya kwa nne ni 1.25; ongeza kinachopotea kwenye betri na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa nyumbani), na siku za masika zenye mawingu, upate kilowati 1.6. Paneli nne za wati 400.

Hapo sasa ipunguze betri kwa akili. Pampu iendeshe mchana, ijaze tangi. Friza igandishe chupa za maji mchana, zishike baridi usiku. Taa za kuvulia zina betri zake, zichaji kuanzia saa tatu asubuhi. Linalobaki usiku ni dogo, uniti mbili za betri ya lithiamu zinatosha. Betri za madini ya risasi, kama za gari, ni rahisi dukani, lakini hutakiwi kutumia zaidi ya nusu ya chaji yake na kwa joto letu hudumu miaka mitatu hadi mitano. Ya lithiamu nzuri inafika kumi. Gawanya bei kwa miaka ndipo uamue.

Mambo manne kwenye ufungaji. Paneli zielekee kaskazini, zikiinama nyuzi 10 hadi 15, mvua izioshe. Acha kiganja cha hewa kati ya paneli na bati, kwa sababu paneli ikipata joto umeme unashuka. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu na fremu za alumini, chumvi ya bahari haina huruma. Na miti yako isizitie kivuli: mashariki na magharibi ikae mbali mara tatu ya urefu wake. Upande wa kusini inaweza kukaribia, maana hata Disemba jua likiwa kusini, mti wa mita 4 hutupa kivuli cha mita moja na kidogo tu saa sita mchana.

Utasikia pia habari za kulima chini ya paneli. Wazo hilo Adolf Goetzberger na mwenzake walilitoa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na shamba la Heggelbach huko huko lilifunga kilowati 194 juu ya mazao mwaka 2016. Mwaka uliofuata mazao na umeme kwa pamoja vilifikia asilimia 160 ya kile ambacho ardhi hiyo ingetoa kwa kazi moja. Kwetu linafaa kwa tangawizi na manjano, vinavyovumilia kivuli. Lakini chuma cha kunyanyua paneli hadi mita mbili na nusu ni fedha nyingi. Kama una paa, anza na paa.

Hatua ya sita: fedha

Namba zifuatazo ni za kuonyesha njia. Weka bei ulizopewa wewe. Tuseme mfumo wa kilowati 2 ni shilingi 4,000,000. Unatoa uniti 2,920 kwa mwaka. Ukidumu miaka 20 na ukaitumia kila uniti, uniti moja ni shilingi 68. Ukitumia nusu tu, ni 137. Kwa hiyo swali la kwanza la faida ni: umeme wa mchana utaufanyia nini? Mwezi ukipevuka na taa za kuvulia zimelala, pampu imwagilie tungule na mchicha.

Sasa ingiza mkopo. Milioni 4 kwa riba ya asilimia 15 inayopungua, miaka 5, unalipa kama 1,193,000 kila mwaka, jumla karibu milioni 6. Katika miaka hiyo mitano uniti moja inakugharimu shilingi 409, na ukitumia nusu, 817. Jua ni lile lile. Kilichobadilika ni riba. Ukiweza, funga kidogo kidogo kwa fedha za msimu wa karafuu au dagaa, ukianza na inveta itakayopokea paneli zaidi baadaye.

Upande wa mti, gharama kubwa ni kazi. Tuseme mtu mmoja anakata, kupasua na kupanga kilo 100 kwa siku kwa ujira wa shilingi 10,000. Kilo moja ni shilingi 100. Kama kijijini kwenu kilo ya kuni kavu inauzwa 200, eka inakuokolea 400,000 kwa mwaka, ongeza thamani ya majani. Kisha ujiulize eka hiyo ingekupa nini kwa muhogo. Kama muhogo unashinda, rudi kwenye mipaka na minazi, uiache eka. Na kumbuka mwaka na nusu wa mwanzo hakuna kuni, fedha ya kununulia iwepo.

Usiandike kwenye hesabu mapato ya kuuza umeme kwa shirika mpaka uwe na mkataba uliosainiwa. Mfumo ujilipe kwa matumizi yako mwenyewe. Ukiuza, hiyo ni nyongeza.

Hatua ya saba: ruhusa

Ukitaka kuunganisha sola na waya wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, nenda ofisini kwao kwanza, na ZURA, mamlaka ya udhibiti, ndiyo msimamizi wa huduma hizi. Eka tatu ni ardhi ya serikali uliyopewa kuitumia, kwa hiyo usiingie mkataba wa kumkodishia mtu wa paneli kabla ya kupita Kamisheni ya Ardhi. Kukata na kusafirisha kuni kuna vibali chini ya Sheria ya Misitu ya 1996; mwite ofisa misitu aione miti ikiwa michanga, ili siku ya kuvuna asikuhesabu mkataji wa msituni.

Hatua ya nane: mwaka wa kwanza

Januari na Februari, pima kuni na umeme, jenga jiko. Kata fimbo za mgilirisidia mwishoni mwa kaskazi, zipande mvua za masika zinaposhika, na rudi vuli kujaza zilizokufa. Sola ifungwe kipupwe, mvua zikiwa zimepungua na mafundi wana nafasi. Mara ya kwanza unapokata, kata mistari miwili tu, kausha, pima, uzidishe. Hiyo ndiyo tani kwa eka ya shamba lako, na kuanzia siku hiyo iandike mahali pa ile tani 4 niliyokupa hapo juu.